Bangili ya shanga mchanganyiko inapokusumbua: kosa huwa mpakani

Mteja wangu mmoja, mama wa makamo, alinirudishia bangili ileile mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Ilikuwa na shanga ndogo za kioo za buluu, shanga nne za shaba na vipande virefu vya mfupa wa ng'ombe. Mara ya kwanza nilimbadilishia uzi. Mara ya pili nikamtilia uzi mnene zaidi. Mara ya tatu alikuja na shanga zake zimefungwa ndani ya leso, akaziweka mezani na kusema, "Mwanangu, mimi naona huu uzi tunausingizia." Nikachukua ushanga mmoja wa shaba, nikapitisha ukucha kwenye ukingo wa tundu lake. Ulikuwa wembe. Mara mbili nilikuwa nimebadilisha uzi na kuuacha wembe mahali pake.

Tangu siku ile, bangili ikija na hitilafu siangalii kwanza kilichovunjika. Naangalia kilichopakana nacho. Bangili ya shanga za aina moja huisha kwa uchakavu tu, taratibu, kila upande sawasawa. Ile ya mchanganyiko, yaani kioo, shaba, mfupa, pembe, kifuu cha nazi, simbi za baharini, udongo uliochomwa na karatasi, huharibikia mpakani, pale kigumu kinapogusa laini, kizito kinapoegemea chepesi, au chenye kuhitaji ndimu ili kisafishike kinapokaa karibu na chenye kuliwa na ndimu. Nimepanga maelezo haya kwa malalamiko jinsi wateja wanavyoyaleta, kwa sababu hivyo ndivyo tatizo linavyokufikia: unaletewa dalili, chanzo unakitafuta mwenyewe.

Uzi umekatika

Usitupe kipande cha uzi kilichobaki. Kiweke juu ya karatasi nyeupe penye mwanga, uangalie ncha zake. Ncha inakueleza karibu kila kitu.

Ikiwa imekatwa safi, kama kwa mkasi, kuna ukingo mkali mahali. Wa kwanza kumshuku ni shaba. Shanga nyingi za shaba tunazonunua Nairobi zimetokana na makufuli na koki za maji mikuukuu zilizoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Tundu likishatobolewa kwa keekee, ukingoni hubaki utando mwembamba wa shaba ambao jicho halioni na kidole hakihisi vizuri. Kipimo changu ni pamba. Zungusha pamba kidogo kwenye kijiti cha meno, kiingize tunduni, kizungushe, kivute. Nyuzi za pamba zikinasa, hapo ndipo pana wembe. Kata msasa laini, namba 400 hivi, uviringe uwe mwembamba kama njiti, usugue ukingo wa tundu pande zote mbili, kisha rudia kwa namba 600. Kama una tupa nyembamba ya mviringo ni bora zaidi. Osha vumbi, kausha, pitisha pamba tena. Mimi sasa hufanya hivi kwa kila ushanga wa shaba kabla haujafika kwenye uzi, hata kama nimenunua mia, na shanga mia ni kazi ya jioni moja.

Baada ya shaba, angalia shanga za kioo zilizo ndefu kama mrija. Zile hukatwa kutoka kwenye mrija mrefu wa kioo na ncha zake mara nyingi hubaki kali. Kuzisugua moja moja hakulipi. Weka ushanga mdogo wa mviringo kila mwisho wa mrija, uzi upindie juu ya mviringo badala ya juu ya makali. Halafu angalia shanga za udongo zilizopakwa rangi ya kung'aa. Rangi ile ikichomwa huwa kioo, na tone lake likigandia kwenye tundu huwa kigae. Msasa wa kawaida hautalifanya kitu. Linataka tupa yenye vumbi la almasi, tena ukiwa umelilowesha maji.

Ncha ikiwa haikukatwa bali imetoa manyoya, umepata tatizo la pole pole. Uzi umesuguliwa kwa wiki au miezi. Hapa mimi hutazama mfupa. Kipande kirefu cha mfupa hutobolewa kutoka pande mbili, na matundu yasipokutana sawasawa katikati hubaki ngazi ndani. Uzi hupanda na kushuka ngazi hiyo kila mara mkono unapogeuka. Chungulia kipande ukikielekeza kwenye taa: ukiona mwezi mwandamo badala ya duara, ndiyo ngazi hiyo. Pitisha waya uliozungushiwa msasa mpaka duara likamilike, au kipande hicho kitengenezee hereni, kwa kuwa kwenye hereni uzi haufanyi kazi kubwa.

Chanzo kingine cha manyoya ni uzi mwembamba ndani ya tundu pana. Ushanga unacheza, na kila unapocheza unakwangua. Shanga za Krobo kutoka Ghana ni mfano mzuri. Hutengenezwa kwa kusaga chupa na vioo vya kale kuwa unga, unga ukamiminwa kwenye kalibu ya udongo, katikati kikasimamishwa kijiti cha kikonyo cha jani la muhogo. Moto ukikolea, kijiti huungua na kuacha tundu. Ni ustadi wa kupendeza sana, lakini tundu la namna hiyo ni pana na mara nyingi lina vumbi la kalibu ndani, linalokwaruza kama mchanga. Zichemshe kidogo, zipitishie brashi ndogo ya chupa, kisha ujaze upana ule. Njia rahisi ni kutunga shanga ndogo ndani ya tundu lenyewe, mbili au tatu, hadi ushanga mkubwa ukae katikati bila kuyumba. Uzi wako unagusa kioo laini tu, na hakuna atakayejua kilicho ndani.

Uzi ukiwa umekakamaa, umepauka na unakatika ukiuvuta kwa vidole, tatizo si shanga. Ni jua, marashi, losheni au gundi. Wapo wanaochambua nyuzi kutoka kwenye magunia na kutungia. Nyuzi hizo ni imara zikiwa mpya, lakini jua huzimaliza. Kwa bangili ya kuvaliwa kila siku, tumia uzi wa nailoni uliopakwa nta ya nyuki, au mshipi wa kuvulia ule wa kusukwa. Mshipi wa uzi mmoja unaong'aa kama kioo huukwepa kwa kazi nzuri, kwa sababu hukumbuka umbo ulilokuwa nalo kwenye kibao na hupasuka kwenye fundo.

Na kama ncha iliyokatika haipo kabisa, yaani uzi ni mzima, ila una mikunjo mwanzo na mwisho, basi uzi haukukatika. Fundo lilijifungua.

Fundo limejifungua

Hili ni tatizo la uzi wa lastiki zaidi. Fundo la kawaida la kushoto juu ya kulia huteleza kwenye lastiki kwa kuwa lastiki ikivutwa huwa nyembamba. Pitisha ncha mara mbili katika duara la kwanza badala ya mara moja, kaza, kisha pitisha tena mara mbili na ukaze kwa kuvuta nyuzi zote nne, moja moja. Kabla ya yote hayo, vuta lastiki yenyewe mara nne au tano kabla ya kutunga shanga hata moja. Usipoivuta wewe, mvaaji ataivuta kwa siku chache za kwanza, na bangili iliyokaza vizuri dukani itaonyesha uzi mtupu nyumbani kwake.

Gundi ni suala la kuangalia. Supagluu hugeuza fundo kuwa jiwe, na lastiki hukatika mpakani mwa jiwe hilo na sehemu iliyobaki laini. Tone la gundi inayobaki na unyumbufu ikikauka, ile ya vito au ya viatu, linatosha. Kisha chagua vizuri ushanga wa kufichia fundo. Usilifiche ndani ya shaba hata kama tundu lake ni pana. Lifiche kwenye udongo au kioo chenye tundu laini.

Pana mapengo kati ya shanga

Kama mapengo yametokea baada ya kuvaliwa, uzi umevutika, na dawa yake nimeshaitaja. Kama yalikuwepo tangu mwanzo, shanga ndogo zinazama. Namba za shanga ndogo huwachanganya wanaoanza: namba ikipanda, ushanga unapungua. 11/0 ni kama milimita 2, 8/0 ni kama 3, 6/0 ni kama 4. Sasa weka ushanga wa 11/0 pembeni mwa ushanga wa Krobo au wa shaba wenye tundu la milimita 3. Utaingia ndani ya tundu hilo kama panya kwenye shimo, uzi utalegea, na kila kitu kitaanza kucheza.

Kinachohitajika hapo ni kitu bapa cha kuziba mlango. Fundi wengi huweka vikofia vya chuma. Mimi napenda visahani vya kifuu cha nazi, kwa sababu vinafanya kazi mbili: vinaziba tundu, na vinazuia shaba kugonga kioo. Watu hudhani kioo huvunjika kwa kuwa ni laini. Kioo ni kigumu kuliko shaba. Kinachokimegua ni pigo, na ushanga mzito wa shaba hupiga kila bangili inapowekwa mezani. Ukiona shanga za kioo zimemeguka kingo, hesabu: utakuta karibu zote ni jirani wa shaba.

Niliwahi kutumia visahani vya ngozi kwa kazi hiyohiyo. Vinafaa sana kati ya udongo na kioo. Kati ya ngozi na shaba, hapana. Mafuta yaliyomo ndani ya ngozi hukutana na shaba na kutoa uchafu wa kijani unaonata kama nta, na huo ukishika kwenye mfupa hautoki.

Upande wa pili wa tatizo hili ni bangili iliyokakamaa, isiyokubali kuwa duara. Umeikaza mno. Shikilia bangili ikiwa imepinda kama mkononi wakati wa kufunga, si ikiwa imenyooka mezani, na kama unatumia waya wa kusuka wenye kifuniko cha plastiki, acha nafasi ya milimita 1 au 2 kabla ya kubana. Waya uliokunjika ukaacha pembe haunyooki tena. Ukate, uanze upya.

Kifungo hakikai chini

Mvaaji anatazama mkono wake na badala ya kuona pambo anaona kifungo. Hapa anayecheza ni uzito. Sentimita moja ya ujazo ya kioo ina gramu 2.5 hivi, ya shaba ya makufuli ina gramu 8.5 hivi, mfupa ni karibu gramu 2. Ukiweka shanga tatu za shaba katikati ya bangili ili zionekane, umetengeneza timazi. Zitashuka chini ya mkono, na kifungo chepesi kitapanda juu.

Nimejaribu dawa mbili zikafaa. Kwanza ni kupunguza nafasi, kwa sababu bangili isiyo na nafasi ya kuzunguka haizunguki. Pili, na hii ndiyo ninayoipenda, ni kusogeza shaba. Iweke pande mbili za kifungo ili uzito uende nacho chini, na katikati uweke kitu kikubwa lakini chepesi: pembe, kifuu, karatasi, hata mfupa uliotobolewa ndani. Wateja wengine hukataa kwa kuwa shaba ndiyo waliyoipenda. Basi igawanye sehemu tatu zenye nafasi sawa kuzunguka bangili, na upande wowote utakaotokea juu utakuwa na shaba.

Ulipima mkono, lakini inabana

Umepima mkono kwa utepe, ukapata sentimita 16, ukatunga sentimita 17 ukidhani umeacha nafasi. Utepe ni mwembamba, shanga ni nene. Uzi unapita katikati ya shanga, kwa hiyo unazunguka duara kubwa kuliko mkono. Hesabu yake ni rahisi: zidisha unene wa ushanga kwa 3.14, uongeze kwenye kipimo cha mkono. Shanga za milimita 4 zinadai sentimita 1.3 za ziada, yaani 17.3. Shanga za milimita 10 zinadai sentimita 3.1, yaani 19.1. Hapo bado hujaweka nafasi ya kupumua, ambayo kwangu ni sentimita moja kwa bangili ya kifungo na nusu yake kwa ya lastiki.

Kwenye mchanganyiko, tumia unene wa shanga kubwa kwenye hesabu, maana hizo ndizo zinazogusa mkono. Ndogo zinaning'inia kati yao bila kugusa kitu.

Mkono umekuwa kijani, au unawasha

Haya ni mambo mawili na watu huyachanganya. Alama ya kijani isiyowasha ni shaba iliyokutana na jasho. Inatoka kwa sabuni na haina madhara kwa watu wengi. Pwani, kwenye joto na hewa ya chumvi, hutokea haraka kuliko Nairobi. Ukiipaka shaba nta ya nyuki kidogo na kuifuta kwa kitambaa, alama huchelewa.

Muwasho na vipele vilivyokaa mahali pamoja tu, chini ya kifungo, mara nyingi ni nikeli. Vifungo vya bei rahisi vinavyong'aa kama fedha vina nikeli nyingi. Muulize mteja kama kuna hereni zinazomwasha. Akisema ndiyo, mtolee kifungo cha chuma, mtilie ushanga mkubwa na kitanzi cha uzi. Kifungo cha namna hiyo mimi nakiona kizuri kuliko cha kununua, na kinaendana na kila kitu.

Ulisafisha shaba, simbi zikaharibika

Dada mmoja alinifuata akilia kweli kweli. Bangili ya mama yake aliyefariki ilikuwa na shaba na simbi. Shaba ilikuwa imefubaa, akailoweka yote kwenye ndimu na chumvi kama bibi zetu walivyosafisha sinia. Shaba ikatoka inawaka kama dhahabu. Simbi zikatoka kama chaki.

Ganda la simbi ni chokaa, na tindikali huila chokaa. Ndimu, siki, ukwaju, vyote ni tindikali. Mng'aro wa simbi uko juujuu tu, ukishaliwa haurudi. Nilichoweza kumfanyia ni kuzipaka nta ili zisiendelee kuonekana zimekauka, na kuzigeuza upande wenye meno utazame juu, ambako uharibifu ulikuwa mdogo. Mfupa nao huathirika, japo polepole, na hunywa maji ukavimba kisha ukapasuka unapokauka. Lulu na matumbawe ni kama simbi.

Kwa hiyo shaba isafishwe kwa ndimu kabla ya kutungwa, peke yake, kisha ioshwe kwa maji mengi. Ikishakuwa kwenye bangili, isuguliwe kwa kitambaa kikavu tu, ushanga mmoja mmoja. Ikibidi sana, itungue bangili nzima. Ni kazi ya saa moja, na simbi za mzazi hazina duka.

Rangi inatoka

Loanisha pamba nyeupe, bonyeza kwenye ushanga, hesabu mpaka thelathini. Rangi ikija kwenye pamba, ushanga ulipakwa rangi ya juu tu. Shanga za kioo za waridi na zambarau ndizo zinazonipa wasiwasi zaidi, na shanga zenye mng'aro wa chuma kwa juu, ambao jasho huuondoa. Mfupa mweusi na ule wenye michoro ya batiki pia hupimwa. Hapa tena mpaka ndio wenye hasara: rangi ikitoka kwenye kioo, haitaonekana kwenye kioo cha jirani, itaonekana kwenye mfupa mweupe, kwa sababu mfupa una vinyweleo na hunywa. Usiweke kamwe ushanga wa rangi usioupima karibu na mfupa usiopakwa rangi.

Lakini usikimbilie kusema rangi imetoka. Ukiona weupe kwenye kingo za ushanga mwekundu, huenda uliumbwa hivyo: kioo chekundu juu, moyo mweupe ndani. Ni shanga za kale katika pwani hii. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyeondoka Unguja kwenda bara mwaka 1857, aliziandika kwa jina la samesame, akasema zilipewa pia jina lenye maana ya kumaliza chakula, kwa kuwa mtu alikuwa tayari kutoa mlo wake azipate. Ukizikuta kwenye mkufu wa bibi, weupe ule si kasoro. Ndiyo alama yake.

Karatasi, pembe na kifuu

Shanga za karatasi, zile za Kampala zinazoviringwa kwa pembetatu za karatasi ya magazeti na kupakwa vanishi, huvimba kuanzia tunduni, kwa sababu vanishi haikuingia ndani. Chovya kila mwisho kwenye vanishi kabla ya kutunga. Zikianza kuchomoka katikati kama darubini, umekaza uzi mno na shanga nzito zinazisukuma, legeza. Pembe hupinda kwa joto, usiiache juu ya dashibodi ya gari. Kifuu kikipauka, kipake mafuta ya nazi kidogo kabla ya kutunga, kiache siku nzima, ukifute kikauke, kwa sababu mafuta yakibaki yatakwenda kwenye lastiki.

Haina kosa, ila haipendezi

Hili ndilo gumu zaidi, na ndilo ninaloulizwa zaidi na wasichana wanaojifunza kwangu. Kila ushanga ni mzuri, bangili imefungwa vizuri, na bado inaonekana kama mabaki yaliyookotwa sakafuni. Wanadhani tatizo ni kipaji. Mara nyingi ni mpaka tena, safari hii mpaka wa macho.

Anza na weupe. Mfupa tunauita mweupe lakini si mweupe. Una rangi ya maziwa yaliyochemka. Uweke karibu na kioo cheupe kabisa, na mfupa unaonekana mchafu. Nimewaona watu wakisugua mfupa kwa nguvu, wakidhani umeingia uchafu, wakati kosa lilikuwa kioo cha jirani. Badilisha kile kioo kiwe cha rangi ya krimu, au ya kahawia, au buluu iliyokolea, na mfupa uleule utatulia na kupendeza. Ni badiliko dogo kuliko yote ninayoyajua na ndilo lenye faida kubwa.

Kisha angalia mng'aro. Shaba inang'aa, kioo kinang'aa, udongo uliopakwa unang'aa. Vikikaa vitatu pamoja, jicho halina pa kupumzika na hakuna hata kimoja kinachoonekana. Mfupa, kifuu na ngozi hunywa mwanga. Weka kimoja kati ya viwili vinavyong'aa, na vile viwili vitang'aa zaidi bila kuongeza kitu. Tazama kazi za akina mama wa Kimaasai: mara nyingi kati ya nyekundu na buluu utakuta msitari wa nyeupe. Ule msitari ndio unaoziacha rangi mbili zisimame kila moja kwa nguvu zake.

Tatu ni mruko wa ukubwa. Kutoka milimita 2 kwenda 12 kwa hatua moja ni kuanguka. Panda kwa ngazi: 11/0, 8/0, 6/0, kisahani cha kifuu, kisha ule mkubwa. Kama unataka mruko huo kwa makusudi, ufanye mara moja tu kwenye bangili nzima.

Na shanga za mkono hazilingani. Kazuri, ambao wamekuwa wakitengeneza shanga za udongo kwa mkono pale Karen, Nairobi, tangu 1975, uzuri wa kazi yao uko katika hilo hilo: hutapata mbili zilizo pacha kabisa. Lakini ukizipanga kama kwenye kioo cha kujitazamia, kushoto sawa na kulia, tofauti ndogo itaonekana kama kosa lako. Ama zichague jozi kwa jozi juu ya kitambaa, ama uachane na mpangilio huo, ukubwa uongezeke au upungue kuelekea upande mmoja. Usisimame katikati.

Bado haipendezi? Hesabu ni mali gani, yaani kioo, shaba, mfupa au nyingine, inaongoza. Zikiwa sawa zote, hakuna inayoongoza. Kwangu, mali moja huchukua zaidi ya nusu ya urefu, ya pili huchukua karibu theluthi, na ya tatu hutokea mahali pachache, mara nyingi patatu. Ya nne naiacha kwenye bakuli, hata ikiniuma, isipokuwa inafanya kazi ya kisahani.

Panga zote juu ya kitambaa cha rangi ya ngozi ya atakayevaa, si juu ya karatasi nyeupe. Ziache hapo usiku kucha, uziangalie asubuhi kwa mwanga wa dirishani kabla hujagusa uzi.

Bangili ya yule mama niliitunga upya namna hiyo. Shanga za shaba nilizisugua zote nne, mbili zikaenda pande za kifungo na mbili nikamrudishia kwenye leso yake. Kila shaba ikapata visahani viwili vya kifuu. Mfupa mmoja wenye ngazi ndani nikaubadilisha. Buluu ilikuwa imekolea tangu mwanzo, sikuigusa. Imefika mwaka wa tatu, na nikimwona harusini hunipungia kwa mkono ule ule.